Ni asilimia 170, si mara 170

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua nizungumzie makala ya sayansi mliyoichapa wiki iliyopita, ile ya utando mwembamba unaobadilika tabia ukipigwa na leza. Niliisoma mara tatu. Mara ya kwanza niliisoma kwa furaha tupu, maana hayo ndiyo mambo ninayoshinda nayo kutwa, na ni nadra kuyakuta gazetini kwa Kiswahili. Mara ya pili nilishika kalamu. Mara ya tatu nilikwenda kabatini nikatoa daftari langu la zamani la maabara, kwa sababu sentensi mbili za makala yenu zilinikumbusha kosa nililowahi kulifanya kwa mikono yangu mwenyewe, kosa lililotugharimu wiki sita.

Mimi ni fundi wa maabara ya optiki. Kwa miaka 22 kazi yangu imekuwa kupanga leza, vioo na lenzi juu ya meza nzito isiyotikisika, kuhakikisha mwali unapita pale unapotakiwa kupita, na kuandika kila kinachotokea. Si mimi ninayeandika nadharia. Lakini namba zinapotoka kwenye vifaa, mara nyingi mimi ndiye wa kwanza kuziona.

Nianze na lililo wazi. Mwandishi wenu anasema kipimo cha mpindo cha utando ule "kiliongezeka mara 170". Hapana. Kiliongezeka kwa asilimia 170. Alama ya asilimia imedondoka njiani, na tofauti yake si ndogo. Kipimo cha mpindo ni ile namba inayoeleza mwanga unabadili mwendo kiasi gani, na kwa hiyo unapinda kiasi gani, unapoingia ndani ya kitu. Maji ni 1.33. Kioo cha dirisha ni karibu 1.5. Almasi, inayosifiwa kwa kumeta, ni 2.4. Utando uliopimwa ulikuwa na karibu 0.42 kabla ya kupigwa na leza kali. Ulipopigwa, namba ikapanda kwa 0.72 na kufika karibu 1.14. Hiyo ndiyo asilimia 170. Tukilifuata gazeti, ingefika 71, yaani almasi mara thelathini hivi.

Wapo watakaosema ni alama moja tu, msomaji wa kawaida hatajali. Mimi najali, na nina sababu inayotoka ndani ya historia ya fani hii yenyewe. Mwaka 1960 Theodore Maiman aliwasha leza ya kwanza, ya rubi. Mwaka uliofuata Peter Franken na wenzake, katika Chuo Kikuu cha Michigan, waliupitisha mwanga wa leza ya namna hiyo, mwekundu wenye urefu wa wimbi wa nanomita 694.3 (nanomita ni sehemu moja ya bilioni ya mita), ndani ya kipande cha fuwele ya kwazi. Upande wa pili, kwenye bamba la picha, palitokea kidoa kidogo mno, mahali pa nanomita 347.2, nusu kamili ya urefu wa wimbi ulioingia. Kwazi ilikuwa imeunganisha mwanga na kutoa mwanga wa masafa maradufu, yaani unaotikisika mara mbili zaidi kwa sekunde, katika urujuanimno usioonekana kwa macho. Ndiyo ilikuwa mara ya kwanza kuonekana kwa jambo hilo. Ripoti ilipochapwa, kile kidoa hakikuwapo: kwenye uchapaji kilidhaniwa ni uchafu kwenye picha, kikafutwa. Hadi leo ukiufungua ukurasa ule unakuta mshale unaoelekeza mahali patupu. Kwa hiyo, Ndugu Mhariri, watu wa kazi yetu tunavijali vidoa na alama.

Sasa niende kwenye jambo lenyewe, kwa sababu makala yenu imelipita haraka pale ambapo palistahili kukaliwa.

Kwanza, mwandishi ameuita utando huo "madini mapya". Si mapya, na huenda msomaji anaugusa wakati huu. Ni oksidi ya indiamu iliyotiwa bati, kwa kawaida sehemu tisa za oksidi ya indiamu kwa sehemu moja ya oksidi ya bati kwa uzito. Inapitisha mwanga unaoonekana na papo hapo inapitisha umeme, ndiyo maana imetandazwa juu ya vioo vya simu na vya televisheni bapa. Indiamu yenyewe iligunduliwa mwaka 1863 huko Freiberg, Ujerumani, na Ferdinand Reich na Theodor Richter. Reich alikuwa hatofautishi rangi, hivyo alimhitaji Richter amtazamie mstari wa rangi ya nili katika wigo, yaani mwanga uliotawanywa rangi moja moja, na kutokana na mstari huo elementi ikapewa jina. Nawapenda watu hawa wawili. Mmoja alijua pa kutafuta, mwingine alikuwa na macho ya kuona.

Kwa nini watafiti wa mwanga waliiacha dhahabu wakaja kwenye oksidi za namna hii? Hapa ndipo utamu ulipo. Katika dhahabu, elektroni huru ni nyingi kupita kiasi: takriban 59,000,000,000,000,000,000,000 katika sentimita moja ya ujazo. Mwanga ukija, elektroni hizo hutikisika kwa pamoja kama umati, na kutikisika huko kwa pamoja ndiko tunakokuita plazmoni. Umati mkubwa hivyo hujibu upesi mno, na karibu mwanga wote, kuanzia ule tunaouona hadi ndani kabisa ya infraredi, mwanga usioonekana ulio ng'ambo ya wekundu, hurudishwa au humezwa. Tena idadi ya elektroni za dhahabu huwezi kuichagua. Ndivyo ilivyo, basi.

Semikondakta, vitu vilivyo kati ya metali na visivyopitisha umeme, ni habari nyingine. Ikiwa safi ina elektroni huru chache. Ukitia chembe za elementi ngeni ndani yake kwa makusudi (bati ndani ya oksidi ya indiamu, alumini au galiamu ndani ya oksidi ya zinki, disprosiamu ndani ya oksidi ya kadimiamu), kila chembe ngeni huja na elektroni ya ziada na kuiachilia izurure. Unaamua mwenyewe utie kiasi gani. Katika oksidi ya indiamu na bati idadi ya elektroni hufika karibu moja ya hamsini au sitini ya zile za dhahabu, wakati mwingine chini ya hapo. Kwa kuwa masafa ambayo umati wa elektroni hupenda kutikisikia hutegemea wingi wake, unapopunguza au kuongeza elektroni unayasogeza masafa hayo kama anayetafuta stesheni ya redio, hadi unafika kwenye infraredi ya karibu, nanomita 1,300 au 1,550, ambako mwanga wa mawasiliano hupita ndani ya nyuzi za kioo. Dhahabu haikupi uhuru huo.

Na katikati ya hapo pana mahali pa pekee sana. Fikirieni mizani. Upande mmoja kuna elektroni zilizofungwa kwenye atomi zao, ambazo zikisukumwa na mwanga hujibu kwa kuelekea upande mmoja. Upande wa pili kuna elektroni huru, ambazo hujibu kinyume. Kwenye masafa makubwa waliofungwa wanashinda, na kitu kinafanana na kioo. Kwenye masafa madogo walio huru wanashinda, na kitu kinafanana na metali. Kati ya hali hizo mbili ipo rangi moja ya mwanga ambapo sahani za mizani zinakuwa sawa, na jumla ya majibu inakaribia sifuri. Kwa utando tunaouzungumzia mahali hapo palikuwa nanomita 1,240.

Mizani iliyo sawa ndiyo inayoyumbishwa na unyoya. Msomaji mwenye kikokotoo anaweza kulithibitisha hili sasa hivi, kwa sababu kipimo cha mpindo ni kipeuo cha pili cha ile namba ya jumla ya majibu. Tuseme namba hiyo ni 4, kisha mwanga wa leza ukaiongeza kwa 0.1. Kipeuo kinatoka 2 na kuwa 2.025, mabadiliko yanayohitaji kifaa makini kuyaona. Sasa tuseme namba ilikuwa 0.01, ikaongezwa 0.1 ile ile. Kipeuo kinatoka 0.1 na kuwa 0.33. Msukumo ni ule ule, ila wa pili umezidisha zaidi ya mara tatu. (Nimeacha pembeni sehemu inayohusu mwanga unaomezwa, ili hesabu ionekane; kwenye utando halisi sehemu hiyo haiachwi, nayo ndiyo inayozuia namba kufika sifuri kabisa.)

Hapa baadhi ya wasomaji watauliza: kipimo cha mpindo kilicho chini ya 1, ambayo ndiyo namba ya mahali patupu, maana yake mwanga unakwenda kasi kuliko mwanga? Vilele vya wimbi ndivyo vinavyoonekana kwenda kasi hivyo. Nishati na ujumbe haviendi.

Sasa, ni nani anayeongeza hiyo 0.1? Ni mwanga wenyewe, na hapa ndipo ilipo maana ya maneno "tabia isiyo ya mstari" ambayo makala yenu iliyataja bila kuyaeleza. Katika maisha ya kila siku, ukiongeza mwanga maradufu kila kitu kinaongezeka maradufu, na miali miwili ya tochi ikikatana hakuna unaoyumbisha mwenzake. Huo ndio mstari ulionyooka. Ndani ya kitu chenye elektroni, mwanga ukiwa mkali vya kutosha, unaibadili hali ya kitu kile, na mwali mwingine unaopita unakuta mahali pamekwisha badilika. Mwanga haukuugusa mwanga moja kwa moja. Elektroni ndiyo mshenga.

Katika oksidi hizi mshenga hufanya kazi yake kwa namna ninayoiona nzuri kuliko zote nilizowahi kusimuliwa na watafiti. Leza ikipiga, elektroni huru humeza nishati na kupashwa joto, hadi maelfu ya nyuzi, wakati atomi zinazozizunguka zimebaki karibu na hali ya chumbani. Inawezekana kwa sababu elektroni ni chache na nyepesi kupashwa, na atomi bado hazijapata habari. Elektroni iliyopanda juu kwa nishati ndani ya semikondakta hutenda kana kwamba imeongezeka uzito. Umati wenye uzito mkubwa hutikisika polepole zaidi. Kwa hiyo ile rangi ya mizani sawa husogea kuelekea mawimbi marefu, na mwali uliokuwa umesimama pale pale kwenye ukingo unakuta ukingo umehama. Kisha elektroni zinagongana na atomi, zinazipa joto lao, zinatulia, na mizani inarudi ilipokuwa.

Kurudi huko, Ndugu Mhariri, ndiko makala yenu ilikokuacha kabisa. Kundi la Robert Boyd wa Chuo Kikuu cha Ottawa, lililochapa namba ya 0.72 katika jarida la Science mwaka 2016, lilipima pia muda wa kurudi: takriban femtosekunde 360. Femtosekunde moja ni sehemu moja ya sekunde iliyogawanywa mara milioni bilioni. Ndani ya femtosekunde 360 mwanga, ambao huzunguka dunia mara saba na nusu kwa sekunde, husafiri kama sehemu moja ya kumi ya milimita, unene wa karatasi. Mwandishi wenu aliandika tu kwamba utando "hubadilika papo hapo". Msomaji akibaki na hilo atadhani ni kama rangi inayopakwa ikabaki.

Sentensi ya pili iliyonishtua ni ile inayosema "hata kitochi cha leza kinatosha". Hakitoshi hata kidogo. Badiliko lile lilipatikana kwa mwanga wa gigawati 150, yaani wati bilioni 150, kwa kila sentimita ya mraba, katika mapigo mafupi mno. Jua la utosi, siku isiyo na wingu, hutoa takriban wati 0.1 kwa sentimita ya mraba. Gawanyeni wenyewe: ni mara trilioni moja na nusu. Hilo halipunguzi sifa ya utando. Kioo safi cha silika, kikipigwa kwa ukali ule ule, hubadilika kwa karibu 0.00004, ilhali utando huu wenye unene wa nanomita 310 ulibadilika kwa 0.72. Sifa yake imo katika ulinganisho huo, na msomaji alistahili kuupata.

Nasisitiza muda na ukali kwa sababu ya lile daftari nililolitoa kabatini.

Ilikuwa hivi. Nilikuwa nikimsaidia mtafiti kijana kupima utando wa oksidi ya zinki iliyotiwa alumini. Tulitumia mbinu iliyoasisiwa na Mansoor Sheik-Bahae na wenzake mwaka 1989, mbinu rahisi kiasi kwamba inakaa kwenye kona ya meza. Lenzi hukusanya mwali wa leza hadi unakuwa mwembamba kuliko unywele, kisha mwali hutanuka tena. Sampuli hukaa juu ya jukwaa dogo la skrubu na husogezwa taratibu kupita mahali pale pembamba. Mbele kabisa kuna bamba lenye tundu dogo, na nyuma ya tundu fotodiodi, kijicho kinachopima mwanga. Kama mwanga umebadili kipimo cha mpindo cha sampuli, sampuli inageuka kuwa lenzi dhaifu: mwali hujikusanya au hujitawanya kidogo, na mwanga unaopenya tunduni hupungua au huongezeka. Kwenye mchoro unapata bonde, kisha kilima. Urefu kutoka chini ya bonde hadi juu ya kilima ndio unaokupa jibu.

Siku ile bonde letu lilikuwa refu na kilima chetu kimesimama kama nguzo. Tulirudia mara nne, kikatoka kile kile. Kijana yule alipiga makofi peke yake ndani ya chumba chenye giza. Mimi niliandika daftarini, kwa herufi kubwa, "IMEPATIKANA", nikapiga mstari chini yake. Wiki tatu zilizofuata tulipima unene, tukapima elektroni, tukapiga hesabu. Nyingine tatu zikaishia kwenye kuandika ripoti.

Leza tuliyotumia ilikuwa ikitoa mapigo milioni 80 kwa sekunde. Sikuliuliza hilo. Nilijua namba hiyo kama ninavyojua umri wangu, na bado sikuliuliza.

Kisha asubuhi moja nilikuwa nikisafisha lenzi, osiloskopu, kifaa kinachochora ishara ya fotodiodi kama mstari, ikiwa imewashwa, nikafungua na kufunga kizuizi cha mwali ili nione kama umekaa sawa. Jicho langu likatua kwenye kioo cha osiloskopu. Mstari ulitakiwa kuruka juu wima kila nilipofungua. Haukuruka. Ulianza kupanda, ukapinda kama bega, ukachukua milisekunde kadhaa kabla ya kutulia. Nikafunga. Nikafungua. Bega lile lile. Nilifanya hivyo zaidi ya mara kumi nikitumaini kwamba ni kizuizi kinachofunguka polepole. Nikaondoa sampuli nikaacha mwali mtupu: mstari ukaruka wima, safi. Nikarudisha sampuli: bega.

Nikamwita. "Mwanangu, njoo utazame hapa kidogo."

Alikuja, akainama, akatazama mizunguko mitatu bila kusema neno. Kisha akavuta kiti akaketi.

"Mama," alisema, "hilo ni joto."

Lilikuwa joto la kawaida kabisa. Elektroni hukamilisha kazi yao yote chini ya sehemu moja ya trilioni ya sekunde. Milisekunde kwao ni zama nyingine. Kati ya pigo moja na jingine la leza ile palikuwa na nanosekunde 12.5, muda mrefu mno kwa elektroni, lakini mfupi mno kwa kioo kilichobeba utando, ambacho hakikupata nafasi ya kupoa. Kila pigo liliacha joto kidogo, mapigo mamilioni yakalilimbikiza, kioo kikavimba na kupinda mwanga. Ile nguzo yetu ilikuwa ni kioo kilichopata moto. Ili kuwa na hakika tuliyachuja mapigo, tukabakiza moja katika kila 80,000, kila pigo likiwa na nguvu ile ile ya awali. Kama ni elektroni, bonde na kilima vingebaki vilivyo, kwa maana elektroni hazikumbuki pigo lililotangulia. Vikatoweka. Ulibaki mstari bapa wenye kelele za kipimo.

Kijana yule hakunilaumu, na ripoti haikutoka. Lakini tangu siku hiyo kila kipimo kinachopita mezani kwangu naandika kando yake mapigo ni mangapi kwa sekunde, kila pigo ni kali kiasi gani, na mabadiliko yalichukua muda gani kutokea na kurudi. Kipimo cha ukubwa peke yake sikiandiki tena.

Hayo mawili, muda na ukali, ndiyo yaliyokosekana kwenye makala yenu, na nadhani yalikatwa ili habari iwe fupi. Naelewa nafasi ya gazeti ni finyu. Ila katika fani hii yakiondoka hayo, msomaji hana tena njia ya kutofautisha umati wa elektroni uliotikisika na kioo kilichopata moto. Vyote viwili "hubadilika kwa kupigwa na leza". Kimoja kinaweza siku moja kuwasha na kuzima mwanga wa mawasiliano mara nyingi kuliko swichi yoyote ya umeme iwezavyo. Kingine kitakuwa bado kinapoa.

Tena mkiuacha muda mnaliacha jambo lililonifanya nisilale usiku nilipolisoma. Mwaka 2023 kundi la Riccardo Sapienza, Imperial College London, lilichukua utando wa oksidi hii hii ya indiamu na bati na kuutumia kama kioo cha kujitazamia kinachowashwa na kuzimwa kwa mapigo ya leza. Wakaupiga mara mbili mfululizo, kwa hiyo mwali mwingine uliotumwa kwenye utando ulirudishwa katika nyakati mbili fupi. Thomas Young, mwanzoni mwa karne ya 19, aliupitisha mwanga kwenye njia mbili zilizo kando kwa kando, ukatoa mistari ya mwanga na giza ukutani. Hawa wa London waliupa mwanga njia mbili kwa wakati: nafasi moja sasa, nyingine baadaye kidogo. Na mwanga ukatoa mistari yake, safari hii ikiwa imepangwa katika rangi, kwenye wigo. Mistari ilikuwa mingi kuliko walivyotarajia, na kutokana na wingi huo waligundua kwamba utando huwaka upesi kuliko ilivyodhaniwa, kwa muda unaokaribia mzunguko mmoja tu wa wimbi la mwanga. Kwa mtu aliyetumia maisha yake kupanga matundu na mianya juu ya meza, kusikia kwamba mwanya unaweza kuwa wa wakati ni jambo kubwa. Lingeijaza nusu ya ukurasa wenu, na lisingehitaji kutiwa chumvi.

Nisiwafiche wasomaji kwamba kazi bado ipo. Utando humeza sehemu ya mwanga, na mwanga uliomezwa ni hasara. Mapigo yanayohitajika bado ni makali kupita yale ambayo kifaa kidogo kingependa kuyabeba. Halafu badiliko lenyewe ni kubwa kiasi kwamba kanuni ya vitabuni, ile ya kuchukua kipimo cha kawaida na kukijumlishia nyongeza ndogo inayokua sambamba na ukali, haitoshi tena. Kwenye karatasi ya mchoro nukta zinaanza zimenyooka, kisha zinalala. Wanafunzi wanaokuja maabara hukasirika nukta zinapolala, nami huwaambia wasizifute.

Ndugu Mhariri, simlaumu mwandishi kwa kulichagua somo hili. Namshukuru, na namwomba aendelee nalo. Kama atapenda kuja kuiona meza, nitampa miwani ya kinga, nitamzimia taa, na nitamfungulia kizuizi mwenyewe aone mstari unavyoruka na unavyopinda. Kwa sasa naomba mchape sahihisho, na kama mtakubali lisomeke hivi: "Katika makala yetu ya sayansi ya wiki iliyopita tuliandika kwamba kipimo cha mpindo cha utando wa oksidi ya indiamu na bati kiliongezeka mara 170. Kiliongezeka kwa asilimia 170, kutoka karibu 0.42 hadi karibu 1.14, kwa mwanga wa nanomita 1,240 wenye ukali wa gigawati 150 kwa sentimita ya mraba, na kilirudi katika hali yake baada ya takriban femtosekunde 360."

Msomaji wako,
Fundi wa maabara ya optiki